Mafundo Mawili ya Kanga ya Bibi

Mwezi uliopita mama alikuja kukaa nami, akitokea Kilosa kwa kaka yangu, na kesho yake asubuhi nikakusanya nguo zake za safari nizifue. Kati ya nguo hizo kulikuwa na kanga yake nzito ya kujitanda, ile asiyoiacha hata wakati wa joto. Kabla sijaitumbukiza kwenye beseni niliipapasa pembeni, na vidole vyangu vikakuta fundo. Lilikuwa fundo dogo, gumu, lililokazwa kwa meno. Nililinusa. Lilikuwa na harufu ya vidonge, karafuu na jasho la shingo. Niliketi juu ya ndoo iliyofunikwa, mikono ikinidondoka povu, na sikuthubutu kushika pembe ya pili ya ile kanga.

Mimi ni mwoga, naomba nilitangulize hilo. Wanangu hunicheka kwa sababu nikimsikia mtu mzima amekaa kimya chumba cha pili, lazima niende kuchungulia. Mume wangu anasema nina roho ya kuku. Namwachia aseme, kwani hajui kwamba woga wangu una mahali ulipozaliwa: nyumba ya matofali ya kuchoma kule Mikumi, wakati wa alasiri, jua likiwa bado kali, saa ambazo watu wengine hawaogopi kitu chochote.

Sisi wa rika langu tunazikumbuka kanga za bibi zetu. Zilikuwa mfuko, kabati na duka la dawa. Bibi alikuwa akifungua pembe moja anakutolea njugu, anafungua nyingine anakutolea sindano. Ukilala mgongoni kwake ulilala na mashavu juu ya mafundo, na ukiamka yamekuacha na alama. Ya bibi yangu yalikuwa mawili, na nayajua kuliko ninavyoyajua mafundo ya kamba za viatu vyangu.

Bibi huyo, mzaa mama, alizaliwa milimani Vidunda, akaolewa huku uwandani, akazaa watoto wengi, wakambakia wawili. Mmoja alikuwa mjomba, mwenye nyumba yake Kilosa mjini. Wa pili alikuwa mama, aliyekuwa akiwapikia chakula madereva wa malori pale Mikumi barabarani. Babu alipofariki, bibi akawa anakaa kwa zamu, msimu kwa huyu, msimu kwa yule, na wenyewe wakimgombania. Hawakugombana kwa makelele, maana kwetu mtu hamkoromei ndugu yake mbele ya mzazi. Waligombana kwa kumpendeza. Mjomba akimnunulia godoro, mama anamnunulia blanketi. Mama akimpeleka kwa daktari wa macho, mjomba anamtafutia wa meno. Kila mmoja alitaka bibi akitoka kwake aseme kwamba huko ndiko alikopona.

Alipogundulika kuwa na kisukari, ilikuwa zamu ya Kilosa, kwa hiyo dawa za kwanza zilikuwa za mjomba. Alipokuja kwetu mama hakuziamini. Alimpeleka kwenye zahanati moja ndogo nyuma ya gereji, ambayo siku hizi imegeuzwa stoo ya mbao, bibi akapewa vidonge vingine, na mama akamwambia achane na vile vya Kilosa. Bibi akajibu, "Sawa, mwanangu." Alikuwa mtu wa kusema sawa.

Nilikuwa darasa la pili, na darasa la pili tulitoka shule mapema. Baba alikuwa safarini muda mwingi, mama yuko barabarani na masufuria yake, kwa hiyo mchana wote tulibaki mimi na bibi mpaka jua lielekee milimani. Kwa muda mrefu hizo zilikuwa saa nilizozipenda kuliko zote. Bibi aliniita mke mwenzake, kama bibi yeyote anavyomwita mjukuu wake wa kike, lakini yeye utani huo aliufanya kazi. Nikifagia ananiuliza mume wetu alinioa kwa lipi, mbona hata uchafu unanicheka. Nami namjibu kwamba mume wetu alinioa kwa sababu alichoka kula ugali wake wenye madonge. Tulitukanana hivyo kutwa nzima, tukicheka, na mama akirudi tunanyamaza na kutazamana kama wezi.

Kazi yangu kubwa ilikuwa mafundo. Vidole vya bibi vilikuwa vimekakamaa, havikuweza tena kufungua alichokifunga kwa meno, kwa hiyo kila asubuhi baada ya uji, kabla sijakimbilia shule, nilimfungulia. Vidonge alikuwa amevitoa kwenye vipakiti vyake vya karatasi, kwa sababu karatasi inalowa na kuchanika, na vipakiti vyenyewe tukawashia moto. Pembe ya kulia ilikuwa ya mama: vidonge vya njano. Pembe ya kushoto ilikuwa ya mjomba: vyeupe. Alimeza kimoja cha huku na kimoja cha huku, akanywa maji, akanitazama. Akasema haya ni mambo ya wake wenza, mama yangu asiyajue. Nilikwenda shule nikiwa nimevimba kichwa kwa fahari.

Kitu cha pili nilichokabidhiwa kilikuwa kopo la sukari. Lilikuwa kopo la maziwa ya unga lenye mfuniko wa bati, likikaa juu ya rafu ya vyombo. Siku bibi alipoanza kwenda zahanati, mama aliliteremsha, akaliweka mbele yangu na kuniambia, "Hii ni sumu kwa bibi yako. Akionja, atakufa." Watu wazima husema hivyo ili mtoto asisumbue kwa maswali, wakishasema wanasahau. Mimi sikusahau. Mimi niliyekuwa nikiramba sukari mpaka kiganja kinakuwa cheupe, niliacha hata kuitia kwenye chai. Nikiligusa lile kopo nilinawa mikono.

Sasa ndipo ilipoanza. Bibi hakuwa mtu wa kula mchana. Alisema chakula cha kula peke yake hakimshuki, atamsubiri mwanawe arudi wale pamoja, na mimi nikila viporo vyangu yeye alikunywa maji. Alasiri moja tulikuwa tumekaa ukumbini kwenye mkeka tukichambua maharage. Nilimtania, sikumbuki nini, na hakujibu. Nikamtania tena. Nilipoinua macho nikaona jasho linamchuruzika kutoka kwenye paji la uso mpaka kidevuni, na tulikuwa kivulini. Mikono yake ilitetemeka hata maharage yakatawanyika. Aliniangalia kwa muda, halafu akaniuliza taratibu, "Wewe ni mtoto wa nani?"

Nilidhani ni utani, nikacheka. Yeye hakucheka. Akageuza macho, akaanza kuongea Kividunda, lugha ambayo mimi sikuijua, akizungumza na mtu aliyekuwa nyuma ya bega langu. Nikageuka. Nyuma yangu kulikuwa na ukuta. Barabarani malori yalikuwa yakibadilisha gia kama siku zote, nyani walikuwa wakizozana juu ya paa la jirani, na bibi yangu anamjibu mtu ambaye hayupo. Kisha akaniambia kwa sauti nzito ambayo sijawahi kuisikia, "Nipe sukari."

Nilikimbia mpaka nyuma ya jiko, nikajibanza kwenye uzio. Kutoka huko nilisikia rafu ikigongwa, vyombo vikilia, mfuniko wa bati ukifunguka. Nikajua bibi anakula sumu, na nikakaa pale nikingoja afe. Nilingoja huku nimeziba masikio. Baadaye nikasikia sauti ikiniita, sauti yake ya siku zote, iliyochoka kidogo: "Mke mwenzangu, umejificha huko ili maharage nichambue mimi?"

Nililia sana siku ile. Alinipakata, akanifuta kwa pindo la kanga, akanisihi nisimwambie mama, kwamba mama atasema anaiba sukari kama mtoto na atamwandama. Nikakubali. Mama aliporudi alimkuta bibi anaimba, akala ugali wa watu wawili. Ningesema nini, na nani angeniamini?

Nikabaki kuifikiria mwenyewe. Siku zile tulikuwa tumeokota gamba la nyoka kwenye ghala la mahindi, zima, lenye mdomo na mahali pa macho, na mimi nilishindwa kulala nikiwaza kama kitu kingine kinaweza kuingia ndani yake na kutembea. Kwa hiyo nilifikia uamuzi kwamba tuna bibi wawili. Kuna bibi wa asubuhi, ambaye ni wangu, na kuna bibi wa alasiri, ambaye huvaa ngozi ya wa kwanza akimkuta amechoka. Yule wa alasiri hatanii. Hilo ndilo lililomtambulisha. Na akilishwa sukari anaondoka, lakini sukari hiyo inabaki mwilini mwa bibi yangu, na inamuua polepole. Nimekuwa mtu mzima na bado sijaona mahali hesabu yangu ilipokosea, ukizingatia nilichokuwa nimeambiwa.

Bibi wa alasiri akawa anakuja karibu kila siku. Nilijifunza kumtegea sikio. Nilipotoka shule nilianza utani nikiwa bado mlangoni, begi mgongoni, nikasubiri jibu. Likija, nilishusha pumzi. Lisipokuja, nilijua ni nani aliyemo ndani. Alinishika mkono kwa vidole vya baridi, vilivyolowa, akasema "sukari", nami nikamtilia kwenye kiganja chake huku nimefumba macho. Sikuweza kumkatalia. Kwetu mtoto hamwambii bibi yake hapana, hata kama hana uhakika ni bibi yupi.

Kisha ikafika siku ya kwenda zahanati. Shule zilikuwa zimefungwa, mama akanichukua. Nesi alimtoboa bibi kidole, akaangalia kile kimashine, akamwonyesha daktari, na daktari akatikisa kichwa. Alikuwa kijana mpole, alimwamkia bibi shikamoo kabla ya kumgusa. Akasema sukari imepanda sana. Akamuuliza kama anakula vitu vitamu. Bibi akasema hapana, na macho yake yakanipitia. Akamuuliza tena kama kuna dawa nyingine anazotumia.

"Natumia hizo mlizonipa," bibi akajibu, mama akiwa amekaa pale pale ubavuni kwake.

Yule daktari alitibu alichokiona. Akaongeza vidonge. Mama akamshukuru, na njia nzima ya kurudi alikuwa akilalamika kwamba hii yote ni kwa sababu ya ile chai wanayomnywesha Kilosa. Mimi nilitembea nyuma yao. Sukari imepanda, wamesema wenyewe, na aliyeipandisha ni mimi, kwa mkono wangu. Bibi anakufa na mimi ndiye ninayemuua.

Nadhani bibi naye alikuwa akiwaza kitu kama hicho, kwa sababu kesho yake aliniita, akanikalisha mbele yake, akanishika mabega. Alisema hapa hatutaniani. Halafu akasema maneno ninayoyakumbuka mpaka leo.

"Hata nikikuomba sukari usinipe. Hata nikilia. Anayekuomba pale si mimi."

Nilitaka kumwambia kwamba najua. Kwamba nimemwona. Lakini nikaitikia kwa kichwa tu. Akaniambia nilifiche kopo mahali ambapo yeye hatapajua. Nililichukua, nikalifukia ndani ya gunia la mkaa, nikanawa mikono mpaka viwiko.

Siku chache zikapita salama. Asubuhi nilimfungulia mafundo kama kawaida, ila sasa la mama lilikuwa limenenepa kwa vile vidonge vilivyoongezwa. Likizo ikaisha, nikarudi shule. Siku ninayotaka kuisema, upepo ulikuwa ukipeperusha vumbi, milango ya jirani ikijigonga. Nilifika mlangoni, nikasema kwamba mume wetu anaulizia chakula chake, na ndani kukawa kimya.

Alikuwa kwenye mkeka, nguo imemganda mwilini kwa jasho. Akaniomba sukari. Kwanza aliomba kistaarabu, kama mtu anayeomba maji kwa wenyewe. Nikasimama mlangoni, mkono kwenye kizingiti, nikamwambia bibi amenikataza.

"Bibi yupi?" akaniuliza.

Sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa kwa swali lile. Aliniuliza huku akinitazama usoni, kama mtu anayetaka kweli kujua. Halafu akakasirika, akanitukana matusi ambayo bibi yangu hakuwa nayo kinywani. Halafu akalia. Aliniita mimi mama, akasema, mama, nipe kidogo tu, nitakufa. Akatambaa mpaka kwenye rafu, akajivuta juu, akapapasa mahali pa kopo, vikombe vikaanguka. Hakulikuta. Mimi niko pale pale mlangoni, nalia bila sauti, nashikilia ahadi yangu. Nilikuwa najiambia huyu si yeye, huyu si yeye, bibi alisema.

Kisha akanyamaza. Alilala ubavu chini ya rafu, midomo ikicheza lakini haisemi kitu, na ule ukimya ukanitisha kuliko matusi. Nikasogea. Kanga ilikuwa imemvuka kichwani. Bibi hakuwa mtu wa kukaa kichwa wazi, na pale ndipo nilipoiona mistari ya nywele zake nyeupe, niliyomsuka mwenyewe Jumapili, imepinda yote kama njia ya mlevi, mmoja mkubwa mmoja mdogo. Alikuwa amenitania sana kwa ususi ule. Nikaitazama ile mistari. Kama huyu ni wa alasiri, mbona kavaa nywele zangu?

 Nilijua tu kwamba huyu aliyelala pale, awe nani, siwezi kumwacha afe chini ya rafu peke yake. Nikakimbilia gunia la mkaa, nikalifukua kopo, nikalifungua kwa meno. Nililowesha sukari kwa maji, nikampaka kwa kidole ndani ya shavu na kwenye fizi, kidogo kidogo, mkono mweusi kwa mkaa. Nilikuwa naamini namuua. Nataka hilo lieleweke, maana nimewahi kuisimulia hadithi hii wakaniambia nilikuwa mtoto shujaa. Sikuwa shujaa. Nilikuwa nasema, bibi nisamehe, bibi nisamehe, na naendelea kumpaka. Akameza. Nikampaka tena. Alipoanza kukunja uso niliinuka, nikakimbia kumwita jirani.

Jirani yetu alikuwa Mama Masanja, Msukuma aliyekuwa akiuza maziwa, mwanamke mwenye mikono mikubwa na maneno machache. Alikuja, akamwona bibi, akambeba mgongoni mpaka barabarani kama anavyobebwa mtoto mgonjwa. Mama aliacha ugali wa wateja motoni. Mteja wake mmoja mwenye pikapu akatupeleka hospitali, na njia nzima nilikuwa nimekumbatia ile kanga, nikisikia vumbi la mkaa kwenye ulimi.

Hospitalini walimtundikia dripu. Mama aliuliza ni nini, nesi akasema ni maji ya sukari. Nilipiga kelele. Nilijitupa kwenye ule mpira wa dripu nikitaka kuuchomoa, nikisema ni sumu, wanamuua, na mama akanishika kiuno akinisukuma nyuma, mwenyewe analia kwa aibu na kwa hofu. Nesi hakunikemea. Aliniinamia akaniambia sukari ya bibi ilikuwa imeshuka, imeshuka sana, imekaribia kwisha, na mtu sukari ikimwishia anatetemeka, anachanganyikiwa, hamtambui hata mwanawe.  Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba inaweza kushuka. Nilidhani kitu kinachoua kinajua kupanda tu.

Daktari wa pale, mwanamke wa makamo, akamuuliza mama mgonjwa anatumia dawa gani. Mama akataja za zahanati, akaeleza zilivyoongezwa. Mimi nilikuwa nimekaa chini, miguuni pa kitanda, kanga mapajani. Sikuwa na nia ya kumfichua mtu. Nilisikia tu neno dawa, na mikono yangu ikafanya ilichozoea. Nikauma fundo la kulia, nikalifungua. Nikauma la kushoto, nikalifungua. Daktari aliona, akapiga magoti, akachukua cha njano na cheupe akaviweka kiganjani.

"Hivi vya nani?" akauliza.

"Hiki cha mama," nikasema. "Hiki cha mjomba."

Alivigeuza, akasoma alama zilizochongwa juu yake, akainuka taratibu. Alimwambia mama kwamba ni dawa moja, ile ile, imetengenezwa na viwanda viwili tofauti, na rangi isimdanganye mtu. Bibi amekuwa akimeza dozi yake mara mbili, na ya huku imeongezwa. Akasema kwa mzee wa umri ule figo zimechoka, dawa haitoki mwilini upesi, na kukaa bila kula mchana ndiko kunakomshusha kabisa. Akasema atalazwa, kwa sababu leo ataamka na bado sukari itashuka tena. Mama alikuwa anatazama kiganja cha daktari kama anatazama mkono uliompiga kofi.

Bibi alikuja kuzinduka vizuri kesho yake. Mama alikuwa ameketi karibu naye, macho mekundu. Hakumgombeza. Alimuuliza tu kwa nini hakusema, kwa nini alikuwa akimeza zote mbili ilhali aliambiwa aache zile. Bibi alitafuta pembe ya kanga kwa vidole vyake vigumu, na pembe zilikuwa tupu.

"Nikimeza zako, nikatupa za kaka yako," akasema, "nitakuwa nimemtupa nani?"

Mama akageukia ukutani.

Mjomba alifika na basi kutoka Kilosa. Waliketi yeye na mama, huku mmoja, huku mmoja. Siwezi kusema walipatana kwa maneno. Mjomba alileta machungwa, mama naye akaenda kutafuta mapapai, na nesi akawatoa nje wote wawili na matunda yao. Lakini tangu hapo dawa zilitoka mahali pamoja, bibi akalazimishwa kula mchana, na hakuna aliyewahi tena kuliita kopo lile sumu.

Bibi alitupatia miaka mingine mingi. Siku tuliyorudi nyumbani, alipoketi tu kwenye mkeka, aliniita na kusema amesikia nilitaka kumlisha sumu nibaki na mume peke yangu. Watu wote wakacheka. Mimi sikuweza. Ilipita muda mrefu kabla sijaweza kumjibu utani wake, kwa sababu kila ukija ulinikumbusha jinsi unavyoweza kutokuja.

Hayo yote yalinipita pale juu ya ndoo, kanga ya mama mkononi. Hatimaye nikashika pembe ya pili. Kulikuwa na fundo.

Nililifungua kwa meno. Lile la kwanza lilikuwa na vidonge vya presha ninavyomnunulia mimi, navijua. La pili lilikuwa na vingine, vya mviringo, vya rangi ya waridi. Nikaenda navyo barazani, ambako mama alikuwa amekaa na binti yangu mdogo akimchambulia mchicha.  Nikamuuliza hivi vya waridi ni vya nani.

"Vya kaka yako."

Nikamkumbusha kwamba nilimwambia asitumie dawa nyingine bila kuniambia. Nikamuuliza hivi kichwa alichokuwa akisema kinazunguka kila akisimama, alidhani ni nini.

"Uliniambia," mama akasema. "Nami nikasema sawa." Aliuona uso wangu, akainamia mchicha wake. "Kaka yako alivitafuta mwenyewe, kwa mvua. Ningevitupaje?"

Nilitaka kumuuliza kama amesahau ule ukuta wa hospitali aliougeukia. Sikumuuliza, maana niliona kwamba hajasahau. Anakumbuka kila kitu, na bado ameshindwa. Niliviweka vidonge mahali vilipokuwa, nikayakaza mafundo yote mawili kwa meno, na kesho yake nikampeleka hospitali kanga ikiwa vile vile, ayafungue daktari mwenyewe.

Tulikaa kwenye benchi tukisubiri kuitwa, binti yangu katikati yetu. Mama alikuwa amemwanza. Mke mwenzangu, anamwambia, viatu gani hivi umevaa, mume wetu akikuona si atakimbia. Na mwanangu anamjibu kwamba mume wetu alishakimbia zamani, alipomwona yeye. Walicheka mpaka watu wa benchi la mbele wakageuka. Mimi nilikuwa na pipi kwenye mkoba na kanga mapajani, najifanya naangalia mlango wa daktari. Kila utani wao ulipokatika, hata kwa kuvuta pumzi tu, niligeuka kumtazama mama.